Farasi jike wa miaka 2 na nusu, hajawahi kupandwa. Nianzie wapi?

Kijana wa Usa:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Usa River, Arusha, shamba lenye farasi 6. Wale 5 wakubwa nawahudumia bila shida. Kazi ipo kwa huyu wa sita, jike mwekundu mwenye alama nyeupe usoni. Kazaliwa hapahapa, sasa ana miaka 2 na miezi 7. Bosi anataka binti yake wa miaka 12 ampande likizo ya Desemba, na leo Agosti inaisha.

Anakubali hedikola (ile mikanda ya kichwani ya kufungia kamba) na anakula mkononi, basi. Nikimfunga anavuta mpaka kamba inakatika. Nikigusa mguu wa nyuma anarusha teke. Jana kanikanyaga, ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi (nilivaa ndala, msinicheke). Jirani ananiambia nimpeleke kwenye mchanga wa mtoni nimrukie hukohuko, atachoka mwenyewe. Naombeni ushauri.

Mwana Mchanga:
Jirani yako yuko sahihi. Kwetu punda tunawafanya hivyohivyo. Siku 2 tu anakubali.

Saisi wa Naivasha:
Kijana, pole na kidole. Kesho tafuta buti.

Usaisi, yaani kazi ya kuhudumia farasi, nimeuanza 1993, nikizoa samadi kwenye mabanda ya farasi wa mbio huko Nairobi. Siku hizi niko Naivasha. Kidole kimoja cha mkono wangu wa kushoto hakikunjiki, nitafika huko.

Habari za mchanga ziache. Farasi akichoka hajafunzwa, amechoka tu. Keshokutwa nguvu zikirudi atakumbuka jambo moja, kwamba mtu akimkaribia mgongoni kuna balaa. Tena kwa kumkimbiza kila siku mchangani utakuwa umemwongezea pumzi za kukushinda.

Shida yako si teke wala kamba kukatika. Huyo mnyama hajui kamba ikikaza inamwambia nini. Farasi ukimvuta anavuta, ukimsukuma anakuegemea, ndivyo alivyoumbwa. Kwa hiyo anza hivi: mtoe bandani, simama naye penye nafasi, shika kamba kama shibiri moja chini ya kidevu. Vuta kidogo sana, kama mtu anayeomba kupita kwenye matatu iliyojaa. Usiongeze, usipunguze. Atainua kichwa, atajifanya anaangalia mlimani. Wewe tulia. Mara atahamisha uzito au atasogeza kwato moja mbele. Papo hapo legeza! Kujifunza kwake kuko pale unapolegeza. Ukichelewa sekunde 2, umemshukuru kwa jambo lingine ambalo hata wewe hulijui. Wiki nzima ya kwanza mimi sifanyi zaidi ya hayo: mbele, simama, rudi nyuma hatua 2, kisha kidole ubavuni mpaka asogeze makalio upande wa pili. Dakika 15 asubuhi, 15 jioni. Mabosi wanaona tunapoteza muda.

Fanya pande zote mbili. Sisi masaisi tuna ugonjwa wa kufanya kila kitu kushoto, kisha tunashangaa farasi anapomwogopa mtu aliyetokea kulia kana kwamba kaona chui. Na kumbuka haoni kilicho nyuma ya mkia wake, wala kilicho mbele kabisa ya paji la uso. Ukipita nyuma, sema naye na uache mkono wako ukimgusa.

Sasa kidole. 1998, mvua inanyesha, nina dume la miaka 3. Kamba ilikuwa inateleza, nikaizungusha mara 2 kwenye kiganja ili niishike vizuri. Turubai likapigwa na upepo. Alipoondoka aliondoka na mimi, na kidole kilivunjika sehemu 2. Kosa langu, si lake. Kamba ndefu inakunjwa na kulazwa kiganjani kama gazeti, haizungushwi mkononi hata siku moja.

Kumfunga: kwa sasa usimfunge. Pitisha kamba kwenye nguzo mara moja bila fundo, shika ncha. Akivuta, iache iteleze kidogo, kisha mwombe arudi mbele kwa ule mvuto mdogo aliokwisha kuuelewa. Siku ya kumfunga kweli ikifika, usifunge kwenye pete ya chuma moja kwa moja. Weka kitanzi cha uzi wa mkonge katikati, ule wa kufungia marobota ya nyasi. Ikitokea vurugu, uzi ukatike, si shingo.

Mguu wa nyuma: chukua fimbo ndefu, fungia glavu kuukuu iliyojazwa nguo kwenye ncha. Simama usawa wa bega, mpapase na hiyo glavu kuanzia mgongoni ukishuka taratibu. Akirusha teke, usiiondoe. Iache palepale, yeye apige glavu. Siku mguu utakapotulia hata kwa kuhesabu mpaka 3, hapo ndipo unaiondoa. Ukiiondoa wakati anarusha, umemwambia teke linafanya kazi. Kunyanyua kwa mkono kunafuata baadaye, na mara ya kwanza unanyanyua na kurudisha chini kabla hajaamua kukunyang'anya.

Akishazoea, mletee vitu vya kelele. Zamani nilitumia mifuko ya plastiki, lakini huku kwetu imepigwa marufuku tangu 2017, sasa nina gunia la mbolea. Linapita shingoni, mgongoni, tumboni. Baada ya gunia ni blanketi, halafu tandiko tupu. Mkanda wa tumbo kaza tundu moja, mtembeze, kaza lingine. Farasi wengi niliowaona wakiruka na tandiko, mtu alikaza mkanda kwa pupa.

Halafu sehemu ninayoipenda mimi: vigwe virefu, yaani kamba za kumwongozea. Unatembea nyuma yake, mbali na teke, ukimgeuza na kumsimamisha kwa vigwe viwili kana kwamba umeshapanda. Nimewahi kumwendesha mmoja hivyo mpaka dukani kununua unga, watoto wananifuata wakiuliza mkokoteni uko wapi. Huyo alipopandwa mara ya kwanza alijua kulia, kushoto na simama. Hakushtuka sana. Kwenye kumzungusha kwa duara usizidishe, dakika 10 zinatosha, maana viungo vyake bado vichanga.

Punda wa Lamu:
Mwana Mchanga, usitusingizie. Mimi nimezaliwa Lamu, punda ndiyo gari letu. Anayemkurupusha punda mchanga siku ya kwanza atamkimbiza maisha yake yote. Babu yangu alikuwa akimtembeza na makanda matupu majuma mazima, ndipo atie mchanga kidogo.

Kijana wa Usa:
Shikamoo mzee Saisi. Nimeelewa sana, nimeanza hilo la kuvuta na kulegeza. Siku ya kwanza tumesimama dakika 6 tunaangaliana. Swali: Desemba nimwambie nini bosi? Na lijamu, kile chuma cha mdomoni, nimtie lini?

Saisi wa Naivasha:
Marahaba. Lijamu subiri daktari wa mifugo amtazame mdomo. Farasi wengine wana vijino vidogo mbele ya magego, lijamu likivigonga anarusha kichwa na watu wanasema ni mkaidi. Vilevile miezi 31 ndio umri wa kubadilisha meno ya mbele ya utoto, fizi zinaweza kumuuma. Vigwe unaweza kuvifunga kwenye hedikola kwanza.

Kwa bosi sema ukweli. Farasi wa mbio hupandwa mapema kuliko huyo, najua, nimewahudumia, na nimeona pia wengi wao wanavyoishia. Mifupa ya mgongo hukomaa akikaribia miaka 5 au 6. Binti ni mwepesi, uzito si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba wote wawili ni wanafunzi. Desemba binti ampande mmoja wa wale 5, na huyu mdogo amwongoze kwa miguu, ampige brashi, amfundishe kurudi nyuma. Wewe ukiwa umeshika kamba. Mgongoni aanze mtu mzima mwepesi anayejua, mwakani, tena kwa kulala tu juu ya tandiko kwa tumbo, anashuka, anapanda, anashuka.

Kijana wa Usa:
Mrejesho, wiki ya 4. Bosi alinuna siku 2, kisha akaja kutazama akiwa na kiti chake. Farasi anasimama nikisimama, hata kamba ikiwa imelegea kabisa. Kurudi nyuma anarudi kwa kidole kimoja kifuani. Mguu wa nyuma wa kulia nanyanyua. Wa kushoto bado, glavu ya tatu hii.