Nyumba Jambiani masika inakaa tupu, wenzangu mnafanyaje?

Mwenye nyumba Jambiani
Assalam aleykum ndugu zangu. Nna nyumba ya vyumba 3 Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nawakodisha wageni kwa siku. Juni mpaka Septemba na tena Disemba mpaka Februari mashuka hayakauki kambani wengine washafika, lakini ikishaingia Machi simu kimya, tangu hapo mpaka leo nimepata usiku 4 tu na mlinzi anataka mshahara wake na rejesho la benki ndo halijui masika wala kaskazi. Sasa shemegi yangu ananambia nikope tena nijenge nyengine Paje, kijiji cha jirani, kwa kuwa kule kumechangamka. Mie roho inasita. Nyie wageni wakipungua mnajikinga vipi?

Bi Mkubwa wa Fuoni
Waaleykum salam mwanangu. Usikope. Paje na Jambiani mvua moja bahari moja, wageni wakikosekana huku na kule hawapo, utakuwa na nyumba mbili tupu. Si tuliona 2020, ndege zilisita na watalii wa mwaka mzima hawakufika nusu ya wale wa 2019. Na kabla ya hapo ule umeme wa Disemba 2009, Unguja nzima kiza kama miezi 3 na ndo msimu wenyewe! Mie nna vyumba vyangu huku Fuoni karibu na mjini, kodi ndogo, wapangaji wangu walimu wa skuli na nesi mmoja, lakini 2020 hakuhama hata mmoja maana mshahara wao haumngoji mtalii.

Fundi wa pwani
Bi mkubwa kasema kweli ila mwalimu wa Fuoni hatohamia Jambiani. Mie masika naacha kukodisha kwa siku natoa kwa mwezi. Mahoteli mengi Aprili na Mei yanafunga kufanya matengenezo, mafundi na wasimamizi kutoka mjini na Bara wanatafuta pa kulala, hao ndo wangu. Bei inashuka sana sikufichi, lakini nyumba iliyofungwa masika inakula pesa. Mwaka mmoja nilifunga, kufungua Juni godoro zina ukungu mweusi upande wa ukutani, bawaba zimeliwa na chumvi, AC haiwaki. Mtu akikaa madirisha yanafunguliwa. Na hesabu ya benki usipige kama wageni wapo miezi yote 12, chukua pato la ile miezi yako 7 ligawe kwa 12, likiwa halifiki rejesho basi mkopo umekushinda hata kabla ya hiyo Paje.

Mwenye nyumba Jambiani
Ahsanteni sana wallahi. Nimekaa nayo jana usiku hiyo hesabu, rejesho linatoka ila kinachobaki hakimlipi mlinzi. Shemegi nimeshamwambia habari ya Paje basi. Na hoteli ya jirani nimeona wameshusha mbao na saruji, kesho asubuhi namwendea msimamizi wao. Kaka fundi, wa mwezi umeme unautia ndani ya kodi?

Fundi wa pwani
Hapana, tukuza, umeme wa kulipia kabla, watie wenyewe. Mie nilijaribu ndani ya kodi, AC ikawa inawaka mchana kutwa na milango wazi. Maji tu ndo nawalipia, na mwezi wa kwanza nachukua mbele.