Siku ya familia ya mtaa, Nane Nane, watu 300: tuanzie wapi?

Mjumbe_Madale

Wanajamvi, salaam. Mtaa wetu huku Madale, Kata ya Wazo, Kinondoni, umepanga siku ya familia tarehe 8 Agosti. Makadirio ni watu 300, na kati yao watoto wa chini ya miaka 12 ni kama 120. Uwanja ni wa shule ya msingi. Miti ni michache na umeme upo ofisi ya mwalimu mkuu tu. Ratiba ina michezo ya watoto, jumba la hewa la kurukia, kuvuta kamba kwa wakubwa, pilau la pamoja, meza za vikundi vya akina mama kuuza bidhaa, na mtu kapendekeza tuchangie damu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: vibali vinaanzia wapi, turubai na jenereta tukodi za ukubwa gani, pilau tupige hesabu ya kilo ngapi, na kitu gani huwa kinaharibu siku kama hii. Kuna wajumbe wanataka tusogeze hadi Desemba watu wakiwa likizo. Nao niwajibu nini?

---

Mtendaji_Mstaafu

Mkuu, Desemba achaneni nayo. Oktoba hadi Desemba ni vuli, na barabara za ndani huko Madale mvua moja tu inatosha kuwazuia wenye bajaji na magari madogo. Halafu kuanzia katikati ya Desemba Wachagga wanapanda Moshi na wengine wanaelekea mikoani kwao, kwa hiyo nusu ya nyumba zina mlinzi tu. Agosti ni kiangazi, tena Nane Nane ni sikukuu ya kitaifa na shule haina vipindi. Kaeni hapo hapo.

Vibali vina njia yake, na anayeruka hatua hurudishwa mwanzo. Barua ya kwanza inatoka kwenye kamati kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yeye na mtendaji wa mtaa wakiigonga muhuri, ndiyo inakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba uwanja, nakala kwa mtendaji wa kata. Barua itaje saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, nani atasafisha, na kwamba vyoo vya shule vitatumika. Hilo la vyoo liandikwe waziwazi, maana ndipo ugomvi unapoanzia Jumatatu watoto wakirudi darasani.

Polisi sheria inataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko wa hadhara. Msisubiri saa 48. Pelekeni kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) wiki mbili kabla, na polisi kata apate nakala, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa simu na jirani akilalamikia kelele. Muziki na MC mwoneni afisa utamaduni wa manispaa, mweleze kama kuna kiingilio au hakuna, yeye ndiye atakayesema mnahitaji kibali gani cha burudani. Chakula, afisa afya wa kata: wapishi wa kukodi wawe na vyeti vya kupima afya.

Wauzaji waambieni mapema kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Waje na mifuko mbadala au karatasi.

Kuhusu michango: lipa namba ni sawa, ila mweka hazina abandike kwenye grupu la mtaa kila Jumapili orodha ya waliotoa na kilichotumika. Na asilimia 10 ya bajeti isiguswe mpaka siku yenyewe. Itaombwa tu, iwe kwa mafuta, maji au usafiri wa dharura.

---

Fundi_Turubai

Mleta mada, kwanza upate mchoro wa uwanja kabla hujakodi chochote. Chukua karatasi, weka alama ya kaskazini, geti, vyoo na ofisi yenye umeme.

Turubai la mita 6 kwa 12 linaingiza viti 90 hadi 100 vikipangwa kwa safu. Ukiweka meza, hesabu 50. Kwa watu 300 si wote watakaa kwa pamoja, watoto watakuwa wanakimbia, kwa hiyo turubai tatu za ukubwa huo zinatosha, na moja ndogo pembeni kwa ajili ya wazee na akina mama wenye wachanga. Agosti jua la Dar linapita upande wa kaskazini, na mchana likigeuka linaingia kutokea kaskazini magharibi. Kwa hiyo ukuta wa turubai ufunge upande huo na uache mashariki wazi. Wengi wanafunga upande wa barabara ili wapendeze, halafu ikifika saa 8 mchana viti vya mbele vyote vinahamishwa.

Upepo nao. Msimu huo ni kusi, upepo wa kutoka kusini mashariki, na mchana upepo wa baharini unaongeza nguvu, huko Madale kwenye miinuko mnauona vizuri. Asubuhi turubai limetulia, saa 9 linaanza kupiga makofi. Kila mguu ufungwe kwenye mambo (vigingi vya kupigilia ardhini), na mambo zipigwe zikiegemea nje, siyo wima. Ardhi ya mchanga mambo fupi inang'oka, tumia ya nusu mita au kuzidi, ama pipa la maji la lita 200 kwa kila kona. Jiko liwekwe kaskazini magharibi mwa uwanja, moshi upepo utaupeleka nje.

Jumba la hewa ndilo la kuogopa kuliko vyote. Viwango vya Ulaya vinakataza kulitumia upepo ukivuka kilomita 38 kwa saa. Huna kipimo? Matawi madogo ya miti yakianza kuyumba yote, watoto washuke. Lina pete za kufungia chini pande zote, na zote zifungwe, zisizopungua 6. Mahali ambapo mambo haziingii, viwango hivyo hivyo vinataka uzito wa zaidi ya kilo 160 kwa kila pete. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo tofali mbili tatu atakazoweka mwenye jumba hazishiki kitu. Mkataeni waziwazi. Msimamizi mtu mzima awe mlangoni muda wote bila simu mkononi, watoto waingie kwa rika, wadogo zamu yao na wakubwa zamu yao, viatu na hereni nje. Wanaovunjika mikono mara nyingi ni wadogo walioangukiwa na wakubwa.

Sasa umeme. Feni ya jumba moja inakula kama kilowati 1.1, na inapowaka inavuta mara mbili au tatu ya hapo kwa sekunde chache. Muziki wa spika mbili na mixer weka kilowati 2. Jenereta la kVA 5 linatoa kilowati 4, kwa karatasi linatosha, lakini feni ikiwaka muziki unakatika na mixer inaweza kuungua. Chukueni la kVA 7.5, au majenereta mawili madogo, moja la feni peke yake. Mimi nashauri mawili: likizima la muziki hakuna anayeumia, la feni likizima jumba linashuka na watoto wamo ndani. Msitegemee umeme wa ofisi kwa feni, TANESCO wakikata ni hivyo hivyo. Jenereta likae nje mita 10 kutoka kwa watu, kamwe lisiingizwe darasani hata kukiwa na manyunyu, moshi wake unaua bila harufu ya kukushtua. Kuongeza petroli, lizimwe na lipoe kwanza.

Kuanzia getini hadi katikati ya uwanja acha njia ya mita 4 isiyo na gari wala kiti. Zimamoto ni 114, polisi 112, ziandikwe kwa rangi kwenye bango.

---

Mjumbe_Madale

Nashukuru sana wakuu. La mchoro tunalifanya Jumamosi hii. Chakula sasa, hapo ndipo wajumbe tunabishana. Mmoja anasema kilo 50 za mchele, mwingine 25.

---

Mama_Sufuria

Ndugu yangu, hesabu iko hivi. Mtoto wa chini ya miaka 12 mhesabu nusu mtu. Wakubwa 180, watoto 120 ni 60, jumla sahani kamili 240. Kilo moja ya mchele wa pilau inatoa sahani 8. Ni kilo 30. Hizo 50 mtamwaga, na 25 itaishia kabla ya vijana wa kuvuta kamba hawajala.

Msipike sufuria moja. Kilo 30 kwenye sufuria moja chini inaungua na juu inabaki na kiini, na hakuna mwiko wa kuigeuza. Pika mbili za kilo 15, kila sufuria iwe ya lita 80 hivi. Kwa kila moja: nyama ya ng'ombe yenye mifupa kidogo kilo 10, vitunguu maji kilo 3, viazi kilo 4, mafuta lita 2, kitunguu saumu robo, tangawizi robo, bizari nzima gramu 150, hiliki, mdalasini na pilipili manga kiasi cha gramu 40 kila kimoja, karafuu gramu 15 tu. Karafuu ikizidi pilau linakuwa chungu na watoto hawagusi.

Kilo 15 za mchele ni kama lita 19 ukipima kwa ndoo. Supu ya nyama na maji pamoja iwe lita 24 hadi 26. Mchele wa zamani unakunywa zaidi, mchele mpya kidogo, kwa hiyo siku moja kabla pika kikombe kimoja cha mchele ule ule mlionunua uone. Maji ya kuongeza yawe yamechemka. Akija mtu na maji baridi akamimina, moto unashuka, mchele unavimba bila kuiva, unapata bokoboko. Mchele ukishanyonya, punguza kuni, funika, panga makaa juu ya mfuniko dakika 25, usifunuefunue.

Saa 1 asubuhi nyama iwe jikoni, saa 3 vitunguu vinakaangwa mpaka rangi ya kahawia iliyokolea (rangi yote ya pilau inatoka hapa), saa 4 mchele unaingia, saa 6 umeiva. Kula kuanze saa 6 na nusu, watoto kwanza, na saa 8 sufuria ziwe tupu. Pilau likikaa vuguvugu saa nyingi linachacha, na ugonjwa wake hauondoki kwa kupasha moto tena. Kwa hiyo lisipikwe usiku "ili tusichelewe", na lisibaki likasubiri hotuba. Mwambieni MC kabisa: mgeni rasmi akichelewa, watu wanakula.

Kachumbari: kata nyanya na vitunguu mapema, lakini chumvi na ndimu vitie wakati wa kugawa, vinginevyo ndoo nzima ni maji. Pikeni pia sufuria ya pembeni ya wali mweupe wa kilo 3 na maharage, wapo wasiokula nyama. Nyama ichinjwe na Mwislamu na mliseme hilo kwenye grupu, ili kila familia ije imetulia.

Kugawa weka meza mbili, kila moja ihudumie pande zote mbili. Foleni nne zinamaliza watu 300 ndani ya nusu saa. Foleni moja itachukua muda wa saa mbili nzima, na kelele. Maji ya kunywa hesabu lita moja kwa kila mtu, yaani chupa kubwa 15 za lita 20, ongeza 3. Ndoo za bomba na sabuni ziwe pande mbili: karibu na vyoo na mwanzo wa foleni ya chakula. Mkikosa ndoo, kibuyu chirizi (dumu la maji linaloinamishwa kwa kamba ya kukanyaga) kinatosha.

---

Kocha_Rede

Naongezea michezo. Kuvuta kamba watu wanaichukulia poa. Taipei mwaka 1997 kamba ya nailoni ilikatika kwenye shindano la umati mkubwa, wanaume wawili wakakatika mkono. Nailoni inanyumbuka, ikikatika inarudi kama mjeledi. Tafuteni kamba ya katani, unene wa kipenyo sentimita 3 na nusu hivi, watu 8 kwa 8 na si zaidi. Marufuku kuizungusha mkononi au kiunoni, marufuku kufunga fundo la kushikia. Sehemu iliyokwanguka hata nyuzi chache, kamba hiyo haitumiki.

Watoto wagawanyeni kwa umri: hadi miaka 5 kwenye kona yenye kivuli na mipira laini, 6 hadi 8 mbio za magunia na yai na kijiko (tumieni ndimu badala ya yai), 9 hadi 12 rede, nage na kombolela. Kombolela ndani ya mipaka iliyochorwa kwa chokaa, siyo shule nzima, kuna madirisha na shimo la maji taka. Mashindano yote yawe kati ya saa 3 na saa 5 na nusu asubuhi. Baada ya chakula hakuna kukimbia, ni bao, drafti, ngoma na zawadi. Adhana ikisikika, muziki unashushwa, MC alijue.

Kila mtoto getini apewe utepe wa mkononi wenye namba ya simu ya mzazi, jina lisionekane kwa nje. Namba inatosha. Geti liwe moja, na mtoto hatoki na mtu asiyekuwa na namba hiyo.

---

Nesi_Tegeta

Kuhusu damu: wazo zuri, ila muwasiliane na Mpango wa Taifa wa Damu Salama mapema, maana wao ndio wanaoleta timu, vitanda na majokofu. Ninyi mnatoa chumba cha darasa kilicho safi chenye madirisha, meza nne, viti 20, maji na soda. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume achangie tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4. Wajawazito na wanaonyonyesha hapana.

Ratibuni wachangie saa 3 hadi saa 6 wakiwa wamekunywa chai na kula kitu. Na huyu ndiye wa kuangalia sana: aliyechangia damu asivute kamba siku hiyo wala kubeba turubai jioni. Mwekeeni alama ya wino kwenye kidole ili kocha amtambue.