Acheni kusifia udikteta wa China kana kwamba ndio uliowatajirisha Wachina

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ukifunguliwa mjadala wa uchumi, lazima atokee mtu wa kusema "tupate mkono wa chuma kama China, tutatoboa." Inaniudhi mno, kwa sababu historia ya China yenyewe inawakana.

Mkono wa chuma wanao tangu 1949. Kati ya 1959 na 1961 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa, huku viongozi wa mikoa wakipeleka Beijing takwimu za uongo za mavuno kwa kuwaogopa wakubwa. Neema ilikuja serikali ilipolegeza. Mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, waliweka dole gumba kwenye mkataba wa siri: mashamba yagawanywe, kila kaya ilime na kubaki na ziada yake. Walijua wanaweza kufungwa, wakaahidiana kulea watoto wa atakayekamatwa. Mavuno yakapanda sana, na chini ya Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo, utaratibu huo ukaenea nchi nzima. Hilo hamlisemi kamwe!

Sasa tazameni kamba ilipokazwa tena. Ukomo wa mihula ya urais ukafutwa 2018. Novemba 2020, baada ya tajiri Jack Ma kuwakosoa hadharani wasimamizi wa fedha, hisa za Ant Group, kampuni yake ya malipo ya mtandaoni, zikazuiwa siku mbili kabla ya kuingia sokoni. Evergrande, kampuni ya kujenga na kuuza nyumba, ikaelemewa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, na kuna familia zilizolipia nyumba zisizojengwa mpaka zikagoma kulipa mikopo ya benki. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ukafika 21.3%. Agosti serikali ikaacha kutangaza takwimu hizo, na ziliporudi hesabu ilikuwa imebadilishwa, wanafunzi wameondolewa.

Nanyi mnaotabiri kila mwaka kwamba China inaanguka kesho, mnakera vilevile. Robo ya mwisho ya 2023 BYD, kampuni ya magari ya Kichina, iliipita Tesla ya Marekani kwa mauzo ya magari ya umeme. Uwezo huo ni wa kweli, na ni jasho la wahandisi na vibarua wake, ambao hamjawahi kuwataja hapa hata siku moja.

Mwenye kutetea mkono wa chuma aje ajibu: serikali inayojiamini inawafichia nini vijana wake? Na asiniletee picha za maghorofa ya Shanghai.