Hilux LN106 kwenye tairi za 285/75R16: nifunge difu ya meno mangapi?

Nyamagana4x4
Wakuu, naomba ushauri. Gari ni Hilux LN106, injini 3L, gia tano, ekseli ngumu mbele na nyuma. Tairi za mwanzo zilikuwa 205R16, sasa zipo 285/75R16 kwenye rimu za inchi 8. Nimefungua difu ya nyuma (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu), krauni imegongwa 41:9, yaani krauni, gia kubwa, ina meno 41 na pinioni inayoizungusha ina 9. Kazi yake ni dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga, mzigo karibu tani moja, na siku nyingine inashuka mialoni ya Sengerema. Tangu tairi zibadilike gia ya tano haivuti kabisa ikiwa na mzigo, kilima kidogo tu narudi ya nne au ya tatu, na klachi inanuka nikiondokea kwenye mwinuko. Mmoja kaniambia nifunge 4.875, mwingine 5.29. Ipi?

MenoYaDifu
Anza na kipenyo, usianze na maneno ya watu. 205R16 ina takriban milimita 742. 285/75R16 ina 834. Gawanya 834 kwa 742 unapata 1.124, yaani tairi imekua asilimia 12. Difu yako ni 41 gawanya kwa 9, yaani 4.556. Zidisha kwa 1.124 unapata 5.12. Hiyo ndiyo namba ya kukurudisha ulikokuwa, ila ulizotajiwa, 4.875 iko chini yake na 5.29 iko juu, ndiyo maana unavutwa huku na huku.

Angalia injini inazungukaje ukiwa kilomita 80 kwa saa, gia ya nne (ya nne ni moja kwa moja, haizidishi wala haipunguzi):

tairi za zamani na 4.556: mizunguko 2600 kwa dakika
tairi mpya na 4.556: 2320
tairi mpya na 4.875: 2480
tairi mpya na 5.29: 2690

3L nguvu yake kubwa ya kuvuta iko karibu na mizunguko 2400. Sasa hivi ukiwa gia ya nne uko chini ya hapo, na ukiweka ya tano unazama zaidi. Hapo ndipo gari linapokufa kilimani. 4.875 inakupandisha juu ya 2400 bila injini kupiga kelele safari nzima. Kwa njia ya lami ya Shinyanga mimi nafunga 4.875.

MwaloNaTope
Mkuu hapo juu umesahau tani moja. Namba ya 5.12 ni ya kurudi hali ya kiwandani, na ukipakia unahitaji zaidi ya hapo. Tairi hizo zenyewe ni nzito, kuondoka tu pale chini ya Bugando ni kazi. Na mialoni ya Sengerema mvua ikinyesha ni tope tupu. 5.29.

MenoYaDifu
Tope lisikuamulie difu. Kwenye tope unaweka gia ndogo ya fowili (magurudumu yote manne yakivuta), na hiyo peke yake inazidisha mara 2.28. Ukilinganisha, tofauti ya 4.875 na 5.29 ni asilimia 8.5 tu. Difu inachaguliwa kwa ajili ya lami, kilima na kuondoka na mzigo.

Halafu 4.875 ni 39:8, meno ya Toyota yenyewe, unaweza kupata vichwa viwili vilivyotumika (difu zilizokwisha fungwa, moja ya mbele na moja ya nyuma, kwa kuwa lazima zilingane). 5.29 ni 37:7. Lazima uagize krauni na pinioni mpya seti mbili na ufungiwe upya mara mbili, na pinioni ya meno 7 ni nyembamba kuliko ya 8. Kama gari halitoki mjini na linabeba mzigo mzito kila siku, sawa, chukua 5.29. Kwa safari ndefu hapana.

Nyamagana4x4
Nimeelewa. Naweza kubadili ya nyuma kwanza, ya mbele mwezi ujao? Fowili naitumia mara chache.

FundiEkseli_Igoma
Unaweza, kwa sharti moja: toa propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya mbele) kabisa, uiweke stoo. Ukiiacha, siku dereva mwingine akivuta fowili, nyuma inadai 4.875 na mbele 4.556. Tofauti ya asilimia 7 haina pa kwenda. Kwenye udongo mlaini tairi zitateleza, kwenye lami kitakachopasuka ni gia za kigawanyo (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma), au jointi ya mbele.

Kuhusu vichwa vilivyotumika: LN106 ni inchi 8 mbele na nyuma, hafu shafti (shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu) ina meno 30. Usikubali difu ya mbele ya Hilux yenye mbele huru (isiyo na ekseli ngumu mbele), hiyo ni ndogo. Usiamini namba iliyoandikwa kwa rangi juu ya difu, hesabu meno mwenyewe. Shika flanji ya pinioni, itikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo beringi zimekwisha, iache. Pitisha ukucha kwenye meno ya krauni upande wa kuvutia. Ukikwama kwenye ukingo, difu hiyo italia.

Nyuma ni kazi ya nusu siku: mwaga oili, fungua nati nne za kila upande nyuma ya drami, vuta hafu shafti, toa propela, toa kichwa. Weka sili mpya za shafti, bei yake ni ndogo. Mbele ni siku nzima kwa sababu unafungua haba na nakoo zote mbili (viungo vya kukunjia magurudumu ya mbele), kwa hiyo nunua kabisa sili za nakoo na grisi ya jointi.

Ukifunga seti mpya badala ya kichwa kizima, mwachano wa meno uwe milimita 0.13 hadi 0.18, upimwe kwa geji, usikisiwe kwa mkono. Paka rangi kwenye meno, zungusha, alama ikae katikati ya jino. Kilomita 30 za kwanza nenda polepole kisha acha ipoe. Bila mzigo mzito hadi 800, halafu badili oili. Oili ni 80W-90 GL-5, jaza mpaka idondoke kwenye tundu.

Na kwa kuwa unaingia majini mialoni: ekseli ya moto ikizama ghafla inavuta maji kupitia kitundu cha kupumulia. Ukikuta oili nyeupe kama maziwa, ni hapo. Unganisha mpira, upandishe hadi ndani ya boneti kwa ile ya mbele, na nyuma ya bodi kwa ile ya nyuma.

Nyamagana4x4
Sawa fundi. Na spidimita?

MenoYaDifu
Sasa hivi ikisoma 80 unakwenda 90. Ukifunga 4.875 ikisoma 80 utakuwa unakwenda 84.