Naomba ushauri: majengo yaliyotelekezwa jangwani

Wakuu, habari zenu. Tuko Namibia, njia ya Aus kwenda Lüderitz. Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa mwaka 1956, najua unahitaji kibali, hilo halinisumbui. Shida ni majengo matupu ya kando ya njia, yasiyo na uzio wala mlinzi. Jana nilijaribu moja: mchanga umefika usawa wa dirisha, nilipokanyaga tu mbao zikalia, nikatoka mbio (mke wangu anacheka hadi leo). Nimegonga sakafu kwa fimbo, lakini mchanga unameza sauti.

Wazoefu, sakafu iliyofukiwa hivyo mnaipimaje? Na pande hizi zilizofungwa miaka mingi kwa ajili ya almasi, jengo lisilo na kibao cha katazo mnaingia, au mnamtafuta mwenye jengo kwanza?