Mjadala: "Mti" na "pati" ni ndugu, au wamefanana sura tu?

Mwana wa Arua: Kiswahili mti, Kiganda omuti, Kinyankole omuti. Hapo hakuna ugomvi. Lakini kwetu Kilugbara mti ni "pati". Hiyo "ti" imetoka wapi? Mimi nasema mzizi ni mmoja. Anayebisha aje.

Mwalimu Mstaafu: Kilugbara si Kibantu, mwanangu. Mwanaisimu Greenberg mwaka 1963 alikiweka kwenye ukoo wa lugha wa Nilo-Sahara. Kiewe cha Ghana na Togo mti ni "ati". Huyo ndiye wa ukoo wetu wa Niger-Kongo. Kufanana si undugu. Kifini "puu", Kihangari "fa": hayafanani, lakini ni ndugu, maana p ya kale mwanzoni mwa neno Kihangari huitamka f. Lete maneno kumi yanayofuata kanuni moja, siyo silabi.

Seremala wa Bwaise: Yaani Mghana ni ndugu, jirani wa Arua mgeni? Haya. Mimi najua kwa Kiganda embaawo ni mbao, enku ni kuni, sihitaji Mzungu wa kuniambia. Ingawa Kiswahili chenyewe tuliletewa na mtutu wa bunduki.

Binti wa Jinja: Umeanza! Tangu 2005 kimo kwenye katiba ya Uganda, lugha rasmi ya pili, na bado mnakinunia.

Seremala wa Bwaise: Nani kanuna? Aliyekitangaza lugha ya taifa 1973 si Amin? Neno la kwanza la Kiswahili alilosikia baba yangu ni "lala chini", na hapakuwa na kitanda.

Binti wa Jinja: Pole kwa mzee. Na waliokuja kutoka Tanzania kumwondoa huyo Amin 1979 walisema Kigiriki?

Seremala wa Bwaise: Muulize mwenye pati. Amin si mtu wa kwao?

Mwana wa Arua: Amin alikuwa Mkakwa, kabila jingine! Nimeuliza habari za mti, unanipa kesi ya mauaji?

Kijana wa Gulu: Kwetu Kiacholi "yat" ni mti na ni dawa. Kizulu "umuthi" vilevile. Waswahili ndio mkaenda kukopa "dawa" kwa Waarabu.

Binti wa Jinja: Na mitishamba tumekopa kwa nani, kaka?

Mwalimu Mstaafu: Maneno kumi bado nayasubiri.

Mwana wa Arua: Ninayo mawili, Mwalimu. La pili nadhani ni la kukopa.