Nyumba ya familia Mtwara: paa la kuficha, migongo minne au slabu? Naomba ulinganisho

Mkinga_Pwani
Wakuu, habari za kazi. Tumehamia Mtwara kutoka Makete: mimi, mke wangu, watoto na mama yangu mzazi. Kule tulizoea nyumba ya tofali za kuchoma, madirisha madogo, dari la chini, kila kitu kimepangwa kushika joto. Huku nahitaji kinyume chake, na juu ya joto kuna vimbunga. Kenneth ya Aprili 2019 ilipiga Cabo Delgado ya Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Hidaya ya Mei 2024 ikaingia Mafia. Sitaki kujenga huku nikijipa moyo kwamba havitafika.

Kiwanja kiko upande wa Mikindani, kimeinuka kidogo, upepo wa bahari unafika moja kwa moja. Nina michoro mitatu mezani:

Wa kwanza ni paa la kuficha, bati likiwa nyuma ya ukuta unaopanda juu yake, kama nyumba nyingi za sasa. Mke wangu ameupenda kwa sura.
Wa pili ni migongo minne, paa linaloshuka pande zote nne, bati la unene wa geji 28, na baraza pana kuzunguka pande tatu.
Wa tatu ni slabu ya zege nyumba nzima, nije kupandisha ghorofa watoto wakikua.

Kuta bado sijaamua, tofali za saruji za inchi 6 au za kufungamana, zile zinazoumana zenyewe. AC sitaki iwe tegemeo, kila mtu anajua LUKU inavyokwenda. Mama ana presha na joto la usiku linamtesa, kwa hiyo vyumba vya kulala ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Nilinganishieni kwa upepo na kwa joto, urembo baadaye.

FundiPaa_Ligula
Karibu kusini, kaka. Mimi napaua nyumba huku miaka mingi, nikueleze ninachokiona juu ya kuta.

Watu wanadhani kimbunga kinasukuma nyumba. Kinasukuma ndiyo, lakini paa kinalivuta kwenda juu. Upepo ukipita juu ya bati unalinyonya, na mnyonyo mkubwa uko kwenye kona, kwenye kingo na karibu na kofia, lile bati la kufunika kilele cha paa. Dirisha la upande wa upepo likipasuka, hewa inaingia ndani na kulisukuma bati kutoka chini. Hapo linavutwa na kusukumwa kwa pamoja.

Kwa hiyo migongo minne inaishinda migongo miwili, maana haina ule ukuta wa pembetatu unaopokea upepo uso kwa uso. Mwinamo wa nyuzi 30 hivi ni mzuri. Bati likilala sana linanyonywa zaidi.

Lakini umbo peke yake halikuokoi. Nyumba nyingi huku kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimekaa juu ya ukuta kwa waya wa kufungia na misumari miwili mitatu. Kinachotakiwa ni hiki: siku ya kumwaga linta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, nondo ya milimita 10 iwe tayari imepitishwa chini ya nondo za linta, ncha zake mbili zimesimama juu, kila mahali kenchi itakapokaa. Zege likishakauka unaweka mbao ya kenchi, unazikunja zile ncha juu yake, unazigongomea kwa misumari ya U. Ukifika na nyundo ukajaribu kuing'oa mbao hiyo, utapasua mbao kabla nondo haijaachia. Linta nayo iwe imeshikwa na nguzo za kona hadi msingi, isiwe imelala tu juu ya tofali.

Kwenye bati, skrubu zenye mpira, siyo misumari. Kingo zote na karibu na kofia, skrubu kila mgongo wa bati, katikati unaweza kuruka mmoja. Papi, zile mbao za juu ya kenchi zinazoshika bati, za kingoni zisogezwe karibu zaidi.

Geji 28 ni sawa. Namba ikishuka bati linanenepa. Lakini nimeona bati nene limeruka zima na papi zake, kwa sababu papi hazikushikwa na kenchi.

BintiLindi
Pole na kuhama, kaka yangu. Nikusimulie tulichokiona kwa jirani wakati wa Hidaya. Nyumba yake ina baraza pana mbele, na bati la baraza ni lile lile la nyumba, limeshuka moja kwa moja. Upepo uliingia chini ya baraza usiku, tukasikia bati linapiga, linapiga, halafu mlio mmoja mrefu. Asubuhi baraza halipo, na safu mbili za bati la sebuleni zimeondoka nalo. Kuta hazikupata hata ufa. Mvua ndiyo iliyomaliza godoro, vitabu vya watoto, dari lote la jipsamu likaanguka.

Baraza pande tatu kama ulivyosema linanitia hofu. Na Lindi hatuviiti vimbunga habari ya juzi, wazee wetu walikuwa wanasimulia kile cha Aprili 1952 kilichoubomoa mji.

Injinia_wa_Kusi
Dada BintiLindi amegusa penyewe. Kwa joto, paa litokeze nje sana ili kuta zipate kivuli. Kwa upepo, lisitokeze. Ndipo michoro mingi ya pwani inapokosea, inachagua upande mmoja.

Ushauri wangu: paa kuu litokeze sentimeta 45 hadi 60 tu, na uzibe chini yake. Baraza lijengwe na paa lake, nguzo zake na mbao zake, likiegemea ukuta chini ya paa kuu. Likienda, linaenda peke yake.

Je, sentimeta 60 zinatosha kwa kivuli? Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Desemba jua la saa sita liko karibu utosini, limeegemea kusini kidogo, kwa hiyo ukuta wa kusini unakuwa kivulini karibu wote. Juni jua linasogea kaskazini, na kivuli cha sentimeta 60 kinashuka ukutani kama sentimeta 90, yaani nusu ya juu ya dirisha, na huo ni msimu wa baridi ya huku. Tatizo ni mashariki na magharibi. Jua la saa kumi linaingia limelala, paa la sentimeta 60 linazuia kidogo tu.

Kwa hiyo kabla hujabishana na mke wako kuhusu paa, geuza nyumba. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Magharibi weka stoo, bafu na choo, madirisha madogo. Vyumba vya kulala vipate upepo wa Kusi, ule wa kusini mashariki, upande mmoja na matundu ya kutokea upande wa pili, maana dirisha moja halipitishi upepo hata liwe kubwa. Chumba cha mama kiwe kona ya kusini mashariki.

Paa la kuficha kwa pwani hii silishauri. Ule ukuta unaopanda juu ya bati ni mzigo unaopokea upepo, bati limelala sana, na maji yote yanategemea gata, ule mfereji wa mvua, la ndani ya ukuta huo. Majani yakiziba gata siku ya mvua ya kimbunga, maji yanarudi darini.

Mjenzi_Kigamboni
Mimi nasimama na slabu. Hakuna upepo utakaoibeba. Nyumba yangu ina slabu na Hidaya ilipotangazwa nililala usingizi. Gharama ni kubwa, nondo na saruji zinakula pesa kweli, lakini unalipa mara moja na ghorofa itakuja.

Injinia_wa_Kusi
Mkuu, kwa upepo sikubishii, slabu iliyojengwa vizuri ndiyo bora kuliko zote. Lakini zege linanywa joto la jua mchana kutwa na kulitoa kuanzia jua linapozama. Makete usiku ungelishukuru. Mtwara usiku wenyewe una joto, mama atalala chini ya sahani ya moto hadi saa nane. Ukiweka slabu lazima kuwe na kivuli juu yake, ama bati lililoinuliwa au ghorofa yenyewe. Kama ghorofa inakuja baada ya miaka kumi, ni miaka kumi ya pangaboi na AC.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Pangaboi inakula wati 60 hadi 70. AC ndogo kwa kawaida inakula wati 800 hivi ikiwa inafanya kazi. Chumba kimoja cha AC usiku ni sawa na mapangaboi zaidi ya kumi.

Mwinyi_Mkunazini
Assalaam alaykum. Ndugu yangu umepata kiwanja Mikindani, basi kabla hujamlipa mchoraji nenda katembee mji mkongwe uangalie nyumba za mawe. Kuta nene, chokaa nyeupe, dari za juu, madirisha ya mbao yenye vibao vya kupishana. Vibao vile ukivifungua upepo unapita na mvua haiingii, ukivifunga kwa komeo una ngao mbele ya kioo. Leo tunaweka vioo vya aluminiamu vya kusukuma ambavyo nusu ya dirisha haifunguki kabisa. Kwangu Unguja nimerudisha milango ya mbao nje ya kila dirisha na siwashi AC ila mwezi wa pili na wa tatu.

Na rangi, mzee. Bati jeusi na la makaa limekuwa fasheni. Pwani bati liwe jeupe au la fedha.

Mtz_Tampa
Niko Florida. Anachosema Mwinyi kuhusu ngao za madirisha ndicho tunachofanya huku, tunafunga plaiwudi au ngao za bati kila tahadhari ikitoka. Kimbunga Andrew cha 1992 kilivunja maelfu ya nyumba kusini mwa jimbo hili, na kanuni mpya za ujenzi zikaanza kutumika jimbo zima mwaka 2002. Siku hizi mkaguzi anapanda darini kuangalia kama kila kenchi imefungwa kwa mkanda wa chuma. Ni jambo lile lile la fundi wa Ligula na nondo zake. Mikanda hiyo ni bei ndogo sana ukilinganisha na bati.

Mkinga_Pwani
Asanteni sana, nimesoma kila mmoja na nimemsomea mama pia. Paa la kuficha tumeliacha, mke wangu amekubali aliposoma habari ya jirani wa BintiLindi. Nakwenda na migongo minne, bati jeupe, baraza moja tu upande wa kaskazini lenye paa lake. Kutoka kwa Mjenzi nachukua kitu kimoja: bafu, choo na kipande cha korido katikati ya nyumba nitavifunika kwa slabu ndogo chini ya bati, pawe mahali pa kujifungia wote usiku wa kimbunga. Injinia, hapo nimekosea?

Bado kuta, na tangi la maji.

Injinia_wa_Kusi
Hujakosea, hiyo slabu ndogo ningeiweka hata kwenye nyumba yangu. Haipigwi na jua kwa sababu ina bati juu, na mlango wake ufungukie ndani, vifusi vikiangukia koridoni msikwame.

Kuta, tofali za kufungamana zinaokoa saruji na zinakaa vizuri kwa joto, ila hakikisha fundi ameshazijenga, na nguzo za kona na linta zisikosekane. Kama humpati, saruji za inchi 6 zinatosha, na ukuta wa magharibi tu ulaze tofali upate unene. Mchanga wa baharini usiuguse hata ukiletewa bure. Chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, na nondo ndizo unazozitegemea. Ukiweka sola baadaye, vishikio vyake vifike kwenye kenchi, visiishie kwenye bati.

FundiPaa_Ligula
Tangi liweke chini kwenye jukwaa fupi la zege, ulifunge kwa mikanda. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, lijaze hadi juu. Tangi tupu linaruka, nimeliona moja juu ya mwembe. Likijaa halitikisiki, na maji utayahitaji, maana baada ya Hidaya barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika na vitu vilichelewa kufika.

Na linta, kaka, usimwage kabla fundi wa paa hajaja na mchoro wa kenchi. Apime kwa futi mahali pa kila kenchi, aweke alama ya chokaa kwenye mbao za linta, ndipo nondo zifungwe hapo. Nondo ikikosea hata nusu futi, kenchi haitaifikia na mafundi wataikata. Ukiwa tayari niambie, nitapita niziangalie kabla ya zege.